Taiti za mpira wa pete zimelegea: nilipigwa kwenye kitambaa au nilikosea kushona?

*Swali:* Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili, fundi cherehani hapa Mwanjelwa, Mbeya. Mwezi wa pili nilishona taiti kumi na nne za timu ya mpira wa pete. Kitambaa nilinunua kwa muuzaji aliyeniapia kuwa ni Lycra orijino, mia kwa mia. Siku ya kupima zilikaa vizuri kabisa. Sasa hata miezi mitatu haijaisha, magoti yametoa mifuko, viuno vinapwaya, na tatu zimefumuka msamba mchezaji akiwa uwanjani. Kocha anasema nimemuuzia takataka. Je, nilipigwa kwenye kitambaa au nilikosea kushona? Na kitambaa kizuri nitakijuaje kabla sijalipa? Na jinzi za mtumba zilizolegea, je, zinafufuka?

*Jibu:* Marahaba, mama, na kamwene kutoka Iringa. Kabla ya kukujibu nilikuuliza mambo mawili: unashonea mashine gani, na hizo sare zinafuliwa vipi. Ukanijibu kwamba unatumia cherehani nyeusi ya kukanyaga, sindano ya kawaida na uzi wa pamba, na kwamba timu ina mtu mmoja anayefua zote. Analoweka kwenye blichi ili ule mstari mweupe wa ubavuni ung'ae, anaanika kwenye jua kali, kisha anapiga pasi ya mkaa. Ukishajua hayo, lililobaki ni kugawa lawama. Muuzaji alikudanganya kidogo, wewe ulikosea kwenye mshono, na mfuaji ndiye aliyeua kitambaa.

Nianze na muuzaji. Hakuna taiti ya Lycra mia kwa mia duniani. Lycra si kitambaa, ni jina la biashara la uzi mmoja mwembamba ambao Wamarekani huuita spandeksi na watu wa Ulaya huuita elastani. Uzi huo huwekwa ndani ya kitambaa kama chumvi kwenye mboga. Jinzi ya kuvutika huwa na asilimia 1 hadi 3 tu, iliyobaki ni pamba. Fulana ya kubana mara nyingi ni pamba 95 na elastani 5. Taiti ya michezo au nguo ya kuogelea inaweza kufika 15 au 20, na sehemu kubwa inayobaki ni nailoni au poliesta. Kwa hiyo mtu akikuambia "mia kwa mia", ujue anarudia alichoambiwa Kariakoo. Simuiti mwizi. Namwita mtu asiyesoma lebo.

Na lebo zina lugha nyingi, hasa kwenye mitumba. Ukiona spandex, elastane, elastan, elastano au élasthanne, au herufi EA au EL pembeni ya asilimia, ni kitu kilekile.

Aliyeugundua uzi huu ni mkemia Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont, kwenye maabara yao ya Waynesboro, jimbo la Virginia, mwaka 1958. Walikuwa wakitafuta kitu cha kuchukua nafasi ya mpira kwenye nguo za ndani za kubana. Hata jina spandex ni herufi za neno la Kiingereza expands, yaani "hutanuka", zikiwa zimechanganywa upya. Kabla ya hapo nguo za kubana zilitegemea mpira, hasa mpira wa mti. Sisi mpaka leo neno letu ni moja: mpira ni mti, mpira ni utomvu, mpira ni ule wanaourusha wachezaji wako, na mpira ni ule unaoshika sketi kiunoni. Lakini mpira wa mti una adui wengi. Mafuta ya mgando unayojipaka baada ya kuoga huulainisha, jasho huuharibu, na ukikaa miaka michache unakakamaa na kupasuka. Spandeksi inavumilia mafuta na jasho vizuri zaidi, inatengenezwa nyembamba kuliko mpira, na inavutika mara tano hata zaidi ya urefu wake bila kukatika.

Inatoka familia moja na godoro la sponji. Sikutanii. Zote mbili ni poliyurethani, kemia iliyoanzishwa na Otto Bayer na wenzake kule Leverkusen, Ujerumani, mwaka 1937. Godoro unalibonyeza linainuka, spandeksi unaivuta inajikunja. Na kama ulivyoona godoro la miaka kumi lililotoa shimo katikati, hata huyu ndugu yake ana siku zake.

Sasa naomba utulie hapa, kwa sababu ukielewa uzi huu unavyofanya kazi hutahitaji kukariri masharti yote yatakayofuata. Fikiria unywele wa kipilipili. Ukiushika ncha na kuuvuta, unanyooka. Ukiuachia, unajikunja ulivyokuwa. Ndani ya spandeksi kuna minyororo midogo isiyoonekana yenye sehemu mbili zinazopokezana. Sehemu moja ni laini, ndefu, imejikunja kama huo unywele. Nyingine ni fupi na ngumu, na kazi yake ni kushikana na sehemu ngumu za minyororo jirani, kama mafundo kwenye wavu. Ukivuta, zile laini zinanyooka, lakini mafundo yanazuia minyororo isiteleze ikaachana. Ukiachia, kila kitu kinarudi. Kukiwa na laini tupu bila mafundo, uzi ungevutika kama ubani uliotafunwa na kubaki hivyohivyo. Kukiwa na mafundo tupu, ungekuwa ugumu mtupu.

Unywele wa kipilipili unauweza kwa nini? Kwa kitana cha moto. Spandeksi nayo ni hivyo. Joto kali linalegeza mafundo, minyororo inateleza na kushikana upya mahali pasipo pake. Tofauti ni moja na ni mbaya kwako: nywele zilizonyooshwa kwa kitana zikilowa maji zinajikunja tena, spandeksi iliyonyooshwa kwa pasi hairudi hata uiloweke wiki.

Hapo ndipo neno letu la kifundi linapotuponza. Sisi tukisema kitambaa "kinarudi" tunamaanisha kinarudi maji, kinapungua baada ya kufuliwa, nalo ni kosa. Kwenye kitambaa cha kuvutika kuna kurudi kwingine, kurudi mahali pake baada ya kuvutwa, na huko ndiko unakokulipia hela. Wateja na wauzaji wote wanapima mvuto. Muuzaji anashika kitambaa kwa mikono miwili, anakitanua mpaka kifuani, "ona mama, ona kinavyokuja!" Kuja kila kitambaa cha vitanzi kinakuja. Sweta la bibi yako linakuja, na halina hata chembe ya spandeksi, kwa sababu limefumwa kwa vitanzi na vitanzi hutanuka. Hata kanga, ambayo haina vitanzi, ni nyuzi za urefu na za upana zilizopishana tu, ukiivuta hanamu, yaani kwa mshazari, inakuja. Swali ni je, inarudi?

Kwa hiyo ukienda tena dukani beba rula na peni. Kunja kitambaa, weka alama mbili zilizoachana sentimita 10, mbali na ukingo uliokatwa. Vuta mpaka kiwe kigumu kuvuta bila kutumia nguvu za ugomvi, soma rula. Kikifika 15, kina mvuto wa asilimia 50, kinatosha taiti. Sasa kishikilie hivyohivyo ukihesabu hadi sitini. Muuzaji atakuangalia vibaya, mwache. Achia, subiri hesabu nyingine kama hiyo, pima. Kikirudi 10 au kasoro ndogo tu ya nusu sentimita, nunua. Kikibaki 11, hiyo ndiyo mifuko ya magoti unayoiona sasa, ila unaiona kabla ya kulipa. Kipimo hiki ni changu cha mezani, si cha maabara, lakini hakijawahi kunitia hasara. Halafu fanya hivyo pande zote mbili, kwa upana na kwa urefu. Kitambaa cha mchezaji lazima kivutike pande zote mbili, maana akichuchumaa ngozi ya matakoni na magotini inatanuka kwenda juu na chini pia. Kama kinavutika upande mmoja tu, kitafaa sketi au suruali ya ofisini, na huo upande uuweke uzunguke mwili, kamwe usishuke na mguu.

Kuchoma kipande kwa kiberiti, kama mafundi wengi wanavyopenda, kutakuambia tu kitambaa kikubwa ni nini. Pamba inanuka karatasi na kuacha majivu laini, poliesta inayeyuka na kuacha tone gumu jeusi. Spandeksi ya asilimia 8 humo ndani huwezi kuinusa. Na kwa kuwa nimetaja kuchoma: vipande vinavyobaki usivitumie kuwashia mkaa wa pasi. Najua tunafanya hivyo. Nailoni na poliyurethani zikiungua hutoa moshi wenye sumu, pamoja na sianidi, na wewe umeinama juu yake. Jazia mito.

Nije kwako sasa. Msamba uliofumuka hauhusiani na muuzaji. Cherehani yako inapiga mshono ulionyooka. Uzi wa mshono ulionyooka una urefu karibu sawa na kitambaa ulichoshona, hauna ziada ya kutoa. Mchezaji anaruka, kitambaa kinatanuka kwa nusu ya urefu wake, uzi wa pamba hauna pa kwenda, unakatika. Zigizaga ina ziada kwa sababu inakwenda ikipinda, ikivutwa inanyooka kwanza. Ovaloku, ile mashine ya kushona na kuziba ukingo kwa nyuzi kadhaa, ina ziada zaidi, nyuzi zake zimelegezana kama vitanzi vya kitambaa chenyewe. Hapo Mwanjelwa hukosi mtu mwenye ovaloku anayepiga kwa malipo kidogo kwa nguo. Hesabu gharama hiyo tangu mwanzo kwenye bei ya taiti, usiitoe mfukoni mwako.

Ukilazimika kutumia hiyo nyeusi, inawezekana, mimi nilifanya hivyo miaka mingi. Badilisha uzi kwanza, weka wa poliesta, unavumilia kuvutwa kuliko wa pamba. Fupisha mshono. Punguza mkandamizo wa mguu wa cherehani ili usikisukume kitambaa mbele. Wakati wa kushona, vuta kitambaa kidogo mbele na nyuma ya sindano kwa nguvu sawa, ili kikiachiwa kijikunje na uzi ubaki na ziada. Ukivuta upande wa nyuma tu utapinda sindano. Kisha rudia mstari wa pili milimita chache pembeni ya wa kwanza. Kwenye msamba usikutanishe mishono minne kwenye nukta moja. Kata kipande kidogo cha pembe nne, umbo la almasi, ukiweke hapo katikati. Nguvu inagawanyika, na mchezaji anapiga hatua kubwa bila kuogopa.

Hukuniuliza kuhusu kuruka kwa mishono, lakini nina hakika iliruka, kwa sababu ulitumia sindano ya kawaida. Ncha yake kali inatoboa nyuzi badala ya kupita katikati yake, na spandeksi iliyotobolewa inakatika ndani kimyakimya. Zaidi ya hapo, kitambaa laini kinashuka na sindano na kupanda nayo, kile kitanzi cha uzi ambacho ndoano ya chini inapaswa kukinasa hakitokei, basi mshono unarukwa. Nunua sindano zenye ncha ya mviringo, za vitambaa vya vitanzi. Namba 11 inatosha taiti nyingi, 14 kwa kitambaa kizito. Hakikisha tu shina lake linaingia kwenye mashine yako kabla hujaondoka dukani.

Kuna kosa jingine ambalo karibu kila fundi analifanya, nalo linaanza kabla ya mkasi. Kitambaa cha kuvutika kinaviringishwa kwenye bunda kikiwa kimevutwa. Ukikikata siku hiyohiyo uliyokinunua, unakata kitambaa kilichoshikwa pumzi. Kikipumzika usiku, vipimo vyako vyote vimebadilika. Kikunjue, kitandaze mezani bila kukiacha kining'inie ukingoni, kiache mpaka kesho yake. Kama kina pamba, kifue kabisa kwanza.

Kwenye vipimo, taiti hukatwa ndogo kuliko mwili. Kwa kitambaa cha mvuto wa asilimia 50, nyonga ya sentimita 100 naikata 90, wakati mwingine 88. Wengine wanapunguza zaidi ili ibane "kama ya dukani". Nguo iliyotanuliwa mpaka mwisho wa uwezo wake wakati mtu amesimama tu haina akiba ya kuruka. Inaonyesha ngozi, inafumuka, na inachoka mapema.

Nimefika kwa mfuaji, na hapa nitakuwa mpole kwa sababu nami niliwahi kuwa yeye. Nilipoanza kushona vitambaa hivi nilipewa blauzi kumi na mbili za kwaya, shingo na mikono ya kuvutika. Jumamosi jioni nikajaza pasi mkaa wa kutosha, nikanyoosha kila mkono mpaka ukawa kama karatasi. Nilijisifu. Jumapili kwaya ilisimama mbele ya madhabahu na mikono ikining'inia kama ya kanzu ya kuazima. Fedha nilirudisha yote.

Pasi ya umeme ina alama za nukta: moja ni nyuzi joto 110 hivi, mbili 150, tatu 200. Nguo yenye spandeksi inataka nukta moja, au isipigwe kabisa. Kiwandani hukipitisha kitambaa kwenye joto la kama 190 kwa muda usiofika dakika ili kitulie kwenye upana unaotakiwa, maana yake joto la pasi ya pamba ndilo hasa linaloweza kukipa umbo jipya. Pasi ya mkaa haina nukta. Fundi anaitemea mate na kusikiliza. Kwa kitenge sawa, kwa taiti hapana. Taiti hata haihitaji kunyooshwa, ikivaliwa inanyooka yenyewe.

Blichi ni mbaya kuliko pasi. Klorini inashambulia minyororo yenyewe na kuikata. Nguo inaweza kutoka ikiwa safi, ikawa nzuri machoni, na tayari imekufa ndani. Ndiyo sababu nguo za waogeleaji wa mabwawa huisha haraka. Mstari mweupe ufuliwe kwa sabuni ya unga na maji ya baridi au ya vuguvugu, yasiyozidi nyuzi joto 40, kwa mkono. Wasikamue kwa kusokota. Na jua lenu, mama, msilichukulie mchezo kwa sababu ya baridi. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa kila mita 1,000 unazopanda, miale ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana lakini inayounguza, huongezeka kwa kama asilimia 10. Mwezi wa saba unatetemeka na koti lakini nguo kwenye kamba inachomwa vilevile. Waanike kivulini, kwenye upepo, ambao mlima Loleza unawaletea bure.

Umeuliza pia, mwishoni kabisa, kama jinzi za mtumba zilizolegea zinafufuka. Hazifufuki. Kabla ya kununua, zikague mapajani na nyuma ya magoti kwenye mwanga wa pembeni. Ukiona kitambaa kina mawimbi madogo kama maji yaliyoguswa na upepo, au vinyuzi vyeupe vimechungulia nje, elastani imekatika humo. Ziache hata kwa bei ya nyanya.

Sasa zile kumi na nne. Viuno unaweza kuvirekebisha wiki hii: fumua, toa lastiki ya zamani, weka mpya ya upana wa sentimita 3, fupi kwa kama sentimita 8 kuliko kiuno cha mchezaji. Misamba mitatu iliyofumuka itiliwe kipande cha almasi, na zile kumi na moja zilizobaki zitilie pia kabla hazijafumuka. Magoti hayarekebishiki. Ukimwambia kocha yatarekebishika atakuja tena baada ya mwezi. Mimi ningemwambia nazikata zote juu ya goti ziwe kaptula za mazoezi, kazi hiyo bila malipo, na taiti mpya za mechi nitashona kwa kitambaa nilichokipima mbele yake kwa rula. Na huyo mfuaji umwite siku ya kukabidhi, umpe yeye mwenyewe masharti ya kufua, si kupitia kwa kocha.